Koyote, nguruwe mwitu na bunduki ya usiku Texas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Texas, hasa wenye ekari chache na mbuzi, na wale wanaoalikwa kuwinda kwenye mashamba ya wenzao. Sheria zilizotajwa ni za Texas na za shirikisho; majimbo mengine yamo kwenye swali la 25. Mwaka wa leseni huanza 1 Septemba na kuisha 31 Agosti, na kanuni mpya huingia papo hapo, kwa hiyo soma kitabu cha kanuni cha idara ya wanyamapori ya Texas (TPWD) kila mwaka.

## Mambo ya mwanzo

1. Koyote ni mbweha?

Ni ndugu yake tu. Koyote ni wa Amerika Kaskazini, na kwa umbo yuko katikati ya mbweha na mbwa wa kijijini: masikio marefu yaliyochongoka, miguu myembamba, mkia wa manyoya mengi anaoushusha akikimbia. Koyote wengi wa Texas wana kilo 10 hadi 16. Hupandana kati ya Januari na Machi, huzaa Aprili na Mei. Miezi ya kulisha watoto ndiyo mibaya kwa mwenye mbuzi, kwa sababu dume na jike wote wawili wanatafuta nyama ya kupeleka pangoni. Vuli ikifika, vijana hutoka kutafuta makao yao, na hapo unaweza kuwaona hata mahali ambapo hawajaonekana mwaka mzima.

2. Nikiwapiga wa kutosha, wataisha?

Hawataisha. Hesabu iliyofanywa California mwaka 1975 ilionyesha kwamba ingebidi kuua asilimia 75 hivi ya koyote wa eneo kila mwaka ndipo idadi yao ianze kushuka na iendelee kushuka. Hakuna mwenye ekari 20 anayefika huko. Ukiua, nafasi hujazwa na wageni, na majike waliobaki huzaa watoto wengi zaidi kwa kuwa chakula kimeongezeka. Kinachosaidia ni kumwondoa koyote mahususi aliyezoea zizi lako, tena kabla na wakati wa mbuzi kuzaa. Anayepiga kila kinachong'aa macho mwaka mzima anapoteza risasi na usingizi.

Kwa nguruwe ni vivyo hivyo, pengine zaidi. Kundi likipigwa risasi hutawanyika na kuhamia kwa jirani. Mtego mkubwa wa duara unaofungwa kundi zima likiwa ndani huondoa nguruwe wengi kuliko bunduki. Missouri iliona hivyo hadi ikapiga marufuku kuwawinda kwenye maeneo yake ya hifadhi, wasije wakawatawanya wale wanaosubiriwa mtegoni.

3. Nitajuaje kwamba ni koyote aliyeua mbuzi wangu?

Mchune mzoga shingoni na kooni kabla haujaoza. Koyote hubana koo chini ya taya: utakuta matundu ya meno, na chini ya ngozi damu iliyoganda kwenye nyama. Damu hiyo ndiyo ushahidi kwamba mbuzi alikuwa hai alipoumwa. Kama kuna matundu lakini nyama ya chini ni safi, mbuzi alikufa kwa jambo jingine na koyote alikuja kula tu. Mbwa huacha fujo: masikio yameraruliwa, mapaja yametafunwa, mbuzi kadhaa wamejeruhiwa na hakuna aliyeliwa sana. Macho na ulimi vikiwa vimetolewa kwa mbuzi mchanga, angalia juu: soma swali la 22.

4. Nifanye nini kabla ya kufikiria bunduki?

Zizi la usiku kwa majike wanaozaa. Uzio wa wavu usio na pengo chini, kwa sababu koyote huchimba na kupenya kabla ya kufikiria kuruka. Waya wa umeme inchi 6 hadi 8 kutoka ardhini, upande wa nje, humfundisha adabu haraka. Mbwa wa kulinda mifugo, kama Great Pyrenees au Anatolian, wawili kuliko mmoja. Punda jike mmoja (mmoja tu, wakiwa wawili wataliwazana wenyewe na kuwasahau mbuzi). Na uzike mizoga: kondo la nyuma na mbuzi mfu aliyeachwa kichakani ni mwaliko.

## Sheria ya uwindaji wenyewe

5. Ni halali Texas kumpiga koyote au nguruwe usiku, kwa taa au darubini ya joto (inayoonyesha joto la mwili gizani)?

Ndiyo, kwenye ardhi binafsi na kwa ruhusa ya mwenyewe. Sheria ya Texas inagawa wanyama. Wale wa kundi la wanyama wa kuwindwa rasmi, kama kulungu, hupigwa tu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na ni marufuku kutumia taa. Koyote na nguruwe mwitu hawamo katika kundi hilo. Hawana msimu wa kufungwa wala idadi ya mwisho, na taa, darubini ya usiku, darubini ya joto na kipaza sauti cha kielektroniki cha kuwaitia vyote vinaruhusiwa.

Ila ardhi ya umma ni habari nyingine. Chukulia kwamba usiku hairuhusiwi mpaka umesoma kanuni za eneo hilo kwa jina lake.

6. Nahitaji leseni?

Inategemea mnyama na sababu, na hapa ndipo watu wanapochanganya.

Nguruwe mwitu: tangu 1 Septemba 2019 huhitaji leseni kumpiga kwenye ardhi binafsi ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi, uwe mkazi wa Texas au mgeni.

Koyote: unahitaji leseni ya uwindaji, hata kama ardhi ni yako. Msamaha upo pale tu koyote anaposhambulia, anapokaribia kushambulia, au alipotoka kushambulia mifugo, wanyama wa nyumbani au kuku. Hapo mwenye mifugo au anayetenda kwa niaba yake anaweza kumpiga bila leseni.

Sasa tazama jambo linalotokea kila wikendi. Umealikwa kupiga nguruwe, huna leseni, na saa sita usiku koyote anapita pembeni ya shamba la mahindi. Hakuna mbuzi wala kuku karibu. Ukimpiga umewinda bila leseni. Leseni ya mkazi imekuwa dola 25. Nunua, uache kubahatisha. Mkazi ni aliyeishi Texas miezi sita mfululizo.

7. Kuna mafunzo ya lazima?

Aliyezaliwa 2 Septemba 1971 au baada ya hapo anatakiwa awe amepita mafunzo ya wawindaji. Mwenye miaka 17 au zaidi anaweza kununua ruhusa ya kuahirisha mara moja tu, akiwa na mtu aliyehitimu. Usiahirishe. Mafunzo hufanyika mtandaoni na yana mambo ambayo hukuyakulia.

8. Lazima nitoe taarifa kabla ya kutoka na taa?

Kwa koyote na nguruwe kwenye ardhi binafsi, si lazima. Lakini mpigie askari wa wanyamapori wa kaunti na zamu ya sherifu, uwape jina la barabara, aina ya gari na saa utakazokuwepo. Jirani akiona taa ikizunguka uwanjani na kusikia mlio, atapiga simu akisema kuna majangili wa kulungu. Ni bora askari afike akijua tayari uko nani kuliko akukute gizani umeshika bunduki. Akifika: shusha bunduki chini au iache kwenye gari, washa taa ya ndani, mikono ionekane.

## Bunduki na hadhi yako ya uhamiaji

9. Mimi si raia wa Marekani. Naruhusiwa kushika bunduki?

Swali hili lijibiwe kabla hujagusa chuma. Sheria ya shirikisho haikatazi kununua peke yake; inakataza kuwa nayo mkononi, hata ya kuazima, hata kwa dakika tano za kulenga kopo.

Mwenye kadi ya kijani, akiwemo aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza, anaruhusiwa kununua na kumiliki. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyekwisha kupewa hifadhi hawamo katika kundi la wenye viza za muda. Asiye na hadhi halali haruhusiwi kabisa, na kesi ya hifadhi inayosubiri baada ya viza kuisha si hadhi ya kutegemea: muone wakili wa uhamiaji kwanza.

Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi wa F-1 au mgeni wa B-2, amekatazwa, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Soma tena swali la 6 ukiwa na hilo akilini. Texas inasema nguruwe hahitaji leseni. Shirikisho linasema mwenye viza ya muda bila leseni hashiki bunduki. Kwa hiyo mwanafunzi anayekwenda kupiga nguruwe bado anahitaji leseni. Na leseni ikiisha 31 Agosti, tarehe 1 Septemba bunduki ile ile iliyo kabatini imekuwa kosa. Adhabu ya juu ni miaka 15 jela tangu sheria ilipobadilishwa 2022, na kosa la bunduki ni sababu ya kufukuzwa nchini hata kwa mwenye kadi ya kijani.

10. Rafiki yangu raia anaweza kuninunulia?

Hapana. Fomu ya dukani inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Kujibu uongo kwa niaba ya mwenzako ni kosa la shirikisho kwa yeye aliyejaza, na wewe hutatoka salama. Mwenye kadi ya kijani hana haja ya mlango wa nyuma: anaingia dukani na kadi yake, anajaza fomu mwenyewe, anasubiri uchunguzi.

## Ardhi, mipaka na barabara

11. Shamba langu ni dogo. Naweza kupiga risasi hapo?

Uliza mji na kaunti kabla ya kuuliza duka la bunduki. Ndani ya mji, kupiga risasi kwa kawaida kumekatazwa na sheria ndogo. Pembezoni mwa mji, na maeneo yaliyomezwa na mji baada ya 1 Septemba 1981, mji hauwezi kukukataza kutumia shotgani kwenye kiwanja cha ekari 10 au zaidi ukiwa zaidi ya futi 150 kutoka nyumba ya jirani, wala raifo kwenye ekari 50 au zaidi ukiwa zaidi ya futi 300. Nje ya miji kabisa, kaunti inaweza kukataza risasi kwenye viwanja vya ekari 10 au pungufu vilivyomo katika mitaa iliyopimwa. Mashamba mengi ya ekari tano yanayouzwa kwa jina la "ranchi ndogo" yamo humo humo.

12. Risasi ikivuka mpaka na isimdhuru mtu?

Bado ni kosa. Ukiwinda na risasi yako ikapita juu ya mpaka wa ardhi, umevunja sheria, isipokuwa pande zote ni zako au una makubaliano ya maandishi na mwenye upande wa pili. Mdomo hautoshi. Raifo ndogo ya .22 hupeleka risasi zaidi ya maili moja, na zile kubwa maili mbili hadi tatu. Shamba la ekari 20 lenye umbo la mraba halifiki yadi 320 upande mmoja. Kwa hiyo kinachokulinda ni kupiga kuelekea chini: juu ya pikapu, kwenye jukwaa, au ukiwa na kilima cha udongo nyuma ya mnyama. Mnyama aliyesimama juu ya tuta na anga nyuma yake humpigi, hata akiwa na mbuzi mdomoni.

13. Naweza kupiga kutoka kwenye gari?

Kwa koyote na nguruwe, ndani ya ardhi binafsi, ndiyo. Kutoka barabara ya umma, au kuvuka barabara ya umma, kamwe. Na ukingo wenye majani kati ya lami na uzio ni sehemu ya barabara.

14. Rangi ya zambarau kwenye miti ni ya nini?

Ni "usiingie", na ina nguvu ya kibao. Texas inatambua mistari ya zambarau iliyosimama, yenye urefu usiopungua inchi 8 na upana usiopungua inchi 1, kati ya futi 3 na 5 kutoka ardhini. Usiku kwenye darubini ya joto rangi haionekani kabisa. Tembea mpaka mchana. Ruhusa ya mwenye ardhi iwe ya maandishi yenye tarehe, jina lako, na wanyama uliopewa. "Kaka, pita tu wakati wowote" haitakusaidia mwenye shamba akiwa amelala na simu imezimwa.

## Vifaa

15. Bunduki gani inatosha?

Kwa koyote, raifo ya .223 yenye risasi ya greni (kipimo cha uzito wa risasi) 50 hadi 55 inatosha hadi yadi 200. Chagua risasi inayopasuka haraka: hukaa ndani ya mnyama na hupunguza kuruka kutoka kwenye jiwe. Kwa nguruwe mkubwa risasi hiyo hiyo ni mbaya, hupasuka kwenye ngozi ngumu ya bega na mnyama anaondoka, tumia .308, 6.5 Creedmoor au inayolingana nayo, yenye risasi ya kupenya. .22 ndogo si ya koyote wala nguruwe, hujeruhi. Kwenye kichaka kinene au karibu na nyumba, shotgani yenye chembe kubwa ndani ya yadi 40 ni chaguo la busara kwa kuwa chembe hazifiki mbali.

16. Taa, darubini ya usiku au darubini ya joto?

Taa ni rahisi na huonyesha rangi na umbo halisi. Tumia nyekundu au kijani, na mwangaze kwa ukingo wa mwanga, si kwa katikati yake. Darubini ya usiku hukuza mwanga uliopo au hutumia taa isiyoonekana kwa macho. Huonyesha uzio, matawi na sura.

Ya joto hugundua haraka kuliko zote, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Muuzaji anasema "inaona yadi 1,500". Hiyo ni kuona nukta. Kutambua kwamba nukta ni koyote ni jambo jingine, na kwa kifaa cha nukta za picha 384×288 umbali huo ni sehemu ndogo tu ya ile iliyoandikwa kwenye boksi; cha 640×512 husogeza mbele kidogo. Haioni kupitia kioo, kwa hiyo dirisha la gari lifunguliwe. Ukungu na mvua huipunguza nguvu. Waya wa seng'enge hauonekani, na risasi ikiugonga hujui inakwenda wapi. Baada ya siku ya joto kali, mawe na udongo hubaki na moto hadi saa nne usiku, na mnyama hupotea ndani yake.

Kama bajeti inaruhusu, nunua ya mkononi ya kutafutia kabla ya ile ya bunduki. Anayetafuta kwa darubini ya bunduki anaelekeza mtutu kwenye kila kitu chenye joto, pamoja na jirani aliyetoka kuangalia ng'ombe wake.

17. Darubini ya joto naisawazisha vipi na bunduki, wakati karatasi haina joto?

Kata vipande vya mkanda wa foili ya alumini vya inchi moja, ubandike kwenye kadibodi, ulaze kadibodi nyuma kidogo ili foili iakisi anga. Anga ni baridi, kwa hiyo utaona nukta nyeusi iliyokatwa vizuri. Usiku wa mawingu mazito tofauti hupungua. Bandika mfuko wa kupashia mikono badala yake.

Anza yadi 50, piga tatu, rekebisha, kisha malizia yadi 100. Ukiisawazisha kwa yadi 100, risasi ya .223 hushuka inchi 2 hadi 3 ikifika 200, jambo ambalo koyote hatalihisi. Piga moja ya kuhakiki kabla ya kila usiku: kifungio kilicholegea robo mzunguko ndicho chanzo cha nusu ya malalamiko kwamba darubini ni mbovu.

Jambo jingine: darubini iko inchi 2 hivi juu ya mtutu. Ukiegemea boneti au ubao wa uzio, darubini inaona njia nyeupe na mtutu unaangalia bati. Boneti nyingi zimetobolewa namna hiyo.

18. Sailensa (kipunguza mlio wa bunduki) ni halali?

Texas ni halali kwa aliyeisajili. Kodi ya shirikisho ya dola 200 iliyowekwa 1934 ilishushwa hadi sifuri kwa sailensa kuanzia 1 Januari 2026, lakini fomu, alama za vidole na kibali bado vipo. Inafaa: inalinda masikio, na koyote wa pili hajui mlio umetoka wapi. Kuitengeneza mwenyewe kwa kichujio cha mafuta bila kibali ni kosa kubwa.

## Usiku wenyewe

19. Nawaitaje koyote?

Kwa kipaza sauti chenye mlio wa sungura anayelia, kwa sauti ya chini kwanza. Weka kipaza yadi 40 hadi 60 kutoka ulipo, upande upepo unakotokea. Koyote huzunguka ili aje na upepo ukimpiga usoni, anuse kabla ya kuingia. Kwa hiyo bunduki iangalie upande upepo unakoelekea, si kwenye kipaza. Wengi wanakaa wakitazama kipaza dakika 20 na koyote ameshapita mgongoni kwao.

Keti kwenye tripodi, ukae dakika 15 hadi 20 kila kituo. Akija mbio, bweka kidogo kwa mdomo. Wengi husimama sekunde mbili. Baada ya risasi usinyanyuke: badilisha mlio kuwa wa mtoto wa mbwa anayelia, subiri dakika tano. Mara nyingi kuna wa pili. Kituo kinachofuata kiwe nusu maili au zaidi.

20. Nitamtambuaje kwa hakika?

Kwa mwendo kuliko kwa umbo. Koyote hukimbia kwa hatua fupi za haraka, pua chini, mkia umeshuka. Mbwa wa nyumbani hubeba mkia juu, hurukaruka bila mpango, na mara nyingi shingoni kuna mstari wa baridi: kola. Kulungu ana miguu mirefu na hutikisa kichwa akitembea. Nguruwe hana shingo, na mkia wake unapepea bila kutulia. Ndama mweusi aliyelala ni nguruwe kamili kwenye kioo kibaya, na bei yake utailipa.

Umbali hudanganya pia. Sungura aliye yadi 40 na koyote aliye yadi 150 wanaweza kulingana kwenye kioo. Pima mchana: nguzo ya kona yadi 80, mti mkubwa 140, bwawa 210, andika kwenye karatasi ubandike kwenye kitako cha bunduki.

Kanuni ni moja. Nimejua ni nini, nimejua kilicho nyuma yake, ndipo kidole kiende kwenye kifyatulio. Likikosekana moja, mwache apite, kesho atarudi.

21. Tukiwa wawili?

Bunduki moja tu ina risasi kwenye chumba cha kufyatulia. Mgawane eneo kabla, kushoto na kulia, na atakayetaka kuhama mahali aseme kwa sauti. Anayeshuka kuangalia mnyama aliyepigwa huwasha taa ya kichwani, na bunduki zote hufunguliwa kabla hajaondoka.

## Baada ya risasi, na mambo ya pembeni

22. Na wanyama wengine, kama tumbusi, mbwa wa jirani, paka mwitu?

Tumbusi weusi huua mbuzi wachanga kweli, lakini wamelindwa na sheria ya ndege wahamao ya 1918. Bila kibali cha shirikisho humpigi hata mmoja. Bundi na mwewe vivyo hivyo. Hasara ya tumbusi inaweza kuingia kwenye mpango wa fidia ya mifugo wa wizara ya kilimo ya Marekani. Ya koyote haimo.

Mbwa anayeshambulia mifugo sheria ya Texas inamweka pamoja na koyote: mwenye mifugo au shahidi wa shambulio anaweza kumuua. Aliyepita tu shambani, hapana. Kumuua ni kosa la ukatili kwa wanyama. Piga picha ya mbuzi, majeraha na mbwa kabla ya kusogeza chochote.

Rakuni, skanki na mbweha wa huko ni wanyama wa manyoya, wana kanuni zao. Paka mwitu wa bobkati anaruhusiwa kwa leseni, ila ngozi yake haiuzwi bila lebo.

23. Mzoga na nyama nifanye nini?

Koyote shika kwa glovu: ana kupe, mara nyingine ukurutu. Zika mbali na kisima, juu yake udongo wa futi tatu. Kutupa mtaroni au mtoni ni kosa.

Nguruwe hubeba ugonjwa wa brusela, na damu yake ikiingia kwenye mkato wa kidole inatosha. Glovu za mpira, kisu safi, nyama ipikwe hadi ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Kwa msioila, wapo majirani watakaoifuata wenyewe usiku huo huo. Kuiuza nyama ya nguruwe aliyepigwa shambani hairuhusiwi, na kumsafirisha akiwa hai kuna masharti magumu. Koyote hai hasafirishwi, kwa amri ya karantini ya kichaa cha mbwa iliyowekwa 1995.

24. Koyote alikuja mchana, anayumba, haogopi. Nimpige?

Ikibidi, kifuani, si kichwani. Maabara hupima kichaa cha mbwa kwenye ubongo, na ukiupasua hakuna kipimo. Usimguse kwa mkono mtupu. Kichwa kihifadhiwe kwenye baridi bila kugandishwa, na piga simu idara ya afya ya kaunti. Kama amemng'ata mtu, mtu huyo aende hospitali sasa hivi, asisubiri majibu.

25. Nikivuka kwenda jimbo jingine?

Sahau kila kitu hapo juu isipokuwa maswali ya 9, 10 na 20. California inakataza darubini za usiku kwenye uwindaji, na tangu 1 Julai 2019 imekataza risasi zenye madini ya risasi (Kiswahili kimetuachia neno moja kwa vyote viwili). Kaunti tano za mashariki mwa North Carolina, Beaufort, Dare, Hyde, Tyrrell na Washington, zina mbwamwitu mwekundu, anayefanana na koyote mkubwa. Mahakama ilisimamisha uwindaji wa koyote huko 2014, na usiku ndio uliobaki umefungwa. Arizona na New Mexico kuna mbwamwitu wa Mexico. Kumuua mmoja wao ni hadi dola 50,000 na mwaka mmoja jela kwa sheria ya 1973 ya viumbe walio hatarini. Mashindano ya kuua koyote yamepigwa marufuku katika majimbo kadhaa, ikiwemo California, Vermont, New Mexico na Colorado.

26. Sumu, droni, helikopta?

Kuweka sumu kwenye mzoga ni kosa, na kwanza atakufa mbwa wako. Droni ya kutafutia wanyama inahitaji kibali. Helikopta kwa nguruwe na koyote iliruhusiwa kwa wateja wa kulipa 2011, na mwaka 2017 Texas ikaongeza puto la hewa moto. Puto huliendeshi, upepo ndio unaokupeleka.

27. Naweza kupeleka darubini yangu ya joto nyumbani Kenya au Tanzania?

Usiiweke kwenye sanduku. Darubini za joto na za usiku zimo kwenye orodha za Marekani za bidhaa zinazohitaji kibali kutoka nje ya nchi, na kuibeba kwenye mzigo wa ndege ni kuisafirisha, hata kama ni zawadi kwa mjomba. Ukifika unakutana na sheria nyingine: Kenya ilifunga uwindaji wa michezo 1977, na Tanzania mnyamapori hapigwi bila kibali chini ya sheria ya 2009, hata nguruwe pori aliyeingia shambani, huko anaitwa afisa wanyamapori. Ukihama, iuze kabla ya kuondoka, kwa mtu aliyeko Marekani.